Chumvi Mbili Nyeupe za Bi Mize

Kwa Bi Mize, mama yangu wa kambo, uliyelala Koyama,

Mtu aliye hai huulizwa hali kwanza. Wewe siwezi kukuuliza, basi nianze na yangu. Mwili mzima. Mikono imepasuka na macho yaniwasha, lakini hapa kila mtu yuko hivyo. Niko bara, mbali sana na bahari, penye ziwa ambalo maji yake hayanyweki. Ni ziwa la magadi. Ukilitazama asubuhi utadhani nchi nzima imemwagiwa unga wa ngano. Tunalivunja kwa sululu, tunalipakia kwenye vigari vya reli, linakwenda kuokwa katika tanuri, kisha linatiwa magunia na kushushwa Mombasa kwa gari moshi. Nimekuwa mbali na nyumbani tangu nilipokimbia Chovae, kisiwa chetu. Nasema nilikimbia, ingawa niliaga vizuri na nikasindikizwa.

Barua hii sikuifunga. Kila atakayeishika kabla haijafika Koyama na aisome. Nimechoka na mambo ya kufungwa.

Ulipoletwa kwetu mimi nilikuwa kijana wa kunyoa ndevu, nafanya kazi ya kuunda mashua pamoja na baba. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki, na Fatuma, mdogo wangu, alikuwa hata hajui kusema vizuri. Wanawake wa Chovae walikuja pwani kukutazama unavyoshuka. Walitazamia sanduku la nguo. Wewe ulishuka na sinia kichwani, na ndani ya sinia mlikuwa na makombe ya bahari yaliyofunikwa kwa kitambaa.

Bi Khadija, jirani yetu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu amekuja kuolewa au amekuja kuuza chaza?"

Ukamjibu bila kusimama, "Yote mawili, shoga. Meno ya kutafunia unayo?"

Nilicheka kabla ya kukumbuka kwamba nilikuwa nimeapa kutokupenda.

Makombe yale ndiyo yalikuwa duka lako la dawa. Shabu ya kuzuia damu, mrututu wa vidonda, shura ya mkojo, nushadiri ya mafua, haluli ya kusafisha tumbo, na ile chumvi ambayo kwetu haikuwa na jina, tuliiita dawa ya macho basi. Ulizinunua Kismayu kwa muuza dawa, kila moja ndani ya karatasi yenye maandishi, na ukifika nyumbani karatasi unazitupa. Nilikuuliza siku moja kwa nini.

"Karatasi hunywa unyevu," ukaniambia, "kombe halinywi. Tena karatasi yanisemesha kwa lugha nisiyoijua. Kombe nalijua."

Haluli ilikaa katika kombe kubwa jeupe. Dawa ya macho ilikaa katika kombe la mistari. Mkono wako ulikwenda wenyewe, hata ukiwa unamkemea mtu upande mwingine.

Na ulikuwa na desturi. Hukumpa mtu dawa kabla ya kuionja. Unaigusa kwa ncha ya ulimi, unatema, unakunja uso mpaka macho yanapotea, ndipo unasema, "Ndiyo yenyewe." Fatuma alijifunza kukuiga. Hata uji wake aliuonja hivyo, akatema, akakunja uso, "Ndiyo yenyewe," na baba akacheka mpaka kikombe kikamponyoka. Sikumbuki kama baba alicheka hivyo tena.

Mimi ulinitibu mara nyingi. Niikumbukayo zaidi ni siku chokaa iliponirukia jichoni. Ulinimwagia maji ya kisima mtungi mzima, kisha ukanidondoshea dawa siku tatu.

"Fumbua."

Nikapiga kelele.

"Ndevu hizo umeziazima kwa nani? Fumbua, bwana mkubwa."

Jicho lile bado laona. Ndilo ninaloandikia.

Sasa nimefika nilipokuwa naogopa kufika. Ilikuwa mwishoni mwa Shaabani, na wewe ulikuwa umekwenda Koyama siku mbili kumwangalia ndugu yako Bakari aliyekuwa mgonjwa. Baba alikuwa amemaliza mashua ya watu wa kisiwa cha Ngumi, nao walitaka kuichukua kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Ilibaki kuipaka deheni, ile chokaa iliyochanganywa na mafuta, chini kote panapozama majini. Deheni haingoji mtu. Ikishachanganywa lazima ipakwe, la sivyo inaganda. Tulikuwa na upawa mmoja, ukavunjika. Baba yuko chini ya mashua, hata uso wake sikuuona. Akasema, "Lete chochote cha kuchotea."

Nikakimbia nyumbani. Nikaona makombe mawili yenye kina, lile kubwa jeupe na lile la mistari. Nikamwaga chumvi ya hili upande mmoja wa mkeka na chumvi ya lile upande wa pili, nikafunika kwa kawa, nikarudi kazini. Hakuna aliyeyatazama. Kwetu kombe ni kitu cha kuokota pwani.

Jioni niliyasugua kwa mchanga na maji ya bahari, nikayarudisha. Nikasimama pale mkekani. Zote mbili nyeupe. Zote mbili zang'aa kama vipande vidogo vya kioo. Mtu alikuwa ameuvuta mkeka, labda kuku, labda Fatuma, na sikujua tena upande upi ulikuwa upi. Nilizitazama kitambo. Kisha nikajiambia, chumvi ni chumvi. Nikatia moja huku na moja huku, nikaenda kuoga.

Ulirudi, mwezi ukaandama, tukafunga.

Siku ya tisa Fatuma alikuwa na tumbo lililokaza, siku ya tatu hajaenda haja, na homa juu yake. Ilikuwa adhuhuri. Mimi nilikuwa mlangoni nanoa patasi. Ulichukua kombe kubwa, ukapima kijiko, ukakikoroga katika maji ya vuguvugu. Nikaona kidole chako kikipanda kuelekea mdomoni, kikasimama njiani, kikashuka. Ulikumbuka saumu.

"Ningekuonjea, mwanangu," ukamwambia, "lakini mdomo wangu leo ni wa Mungu."

Fatuma akanywa kidogo. Akakunja uso, akasema, "Siyo."

Ukacheka. "Leo umekuwa mganga wewe? Maliza."

Akamaliza. Haya ninayaandika kwa kuwa niliyasikia kwa masikio yangu, na katika waliokuwamo nyumbani ni mimi peke yangu niliyebaki wa kuyasema. Alitapika mpaka alasiri, kisha hakuwa na cha kutapika, na bado alitapika. Ulimshika kichwa. Hukufuturu. Kesho yake kabla ya adhuhuri tulikuwa tunachimba kaburi dogo.

Baada ya hitima jamaa za baba walikaa kwetu. Hakuna aliyetaja sumu mwanzoni. Ami yangu ndiye aliyeanza, kwa upole kama mtu anayeulizia bei.

"Mize, kila dawa wewe huionja. Hii kwa nini hukuionja?"

"Nilikuwa nimefunga."

Mwalimu wa chuo cha Kurani akasema, "Kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, panapo haja, hakufunguzi."

"Sikujua, mwalimu."

"Dawa zote wazijua," akasema ami, "hilo moja ndilo hukulijua?"

Baba alikuwa ameinama. Akasema bila kuinua kichwa, kwa lafudhi ya visiwani kwetu, "Kuna mchu mwingine aliyeshika makombe haya?"

Ukajibu kweli uliyoijua. "Dawa zangu nazishika mwenyewe."

Baba akainua kichwa, akatuuliza sisi sote tuliokuwamo, mmoja mmoja kwa macho. Alifika kwangu. Nilikuwa nimeegemea nguzo. Nikatazama chini.

Bi Mize, watu watafikiri niliogopa kipigo. Sivyo. Baba hakunipiga tangu nilipobalehe. Niliogopa kwamba nikisema, kifo kile kitanijia mimi. Basi nikajipa neno la kushikilia: zote mbili ni dawa, na dawa haiui, na chumvi ni chumvi. Kwa hiyo kuzichanganya kwangu hakukuwa kitu. Kwa hiyo sikuwa na la kusema. Neno hilo nililishika miaka mingi na lilinibeba vizuri.

Talaka yako ilitoka kabla ya Idi. Uliyabeba makombe mpaka pwani, ukazimwaga dawa zake majini, kombe moja baada ya jingine, wanawake wale wale wakitazama, na mara hii hakuna aliyekutania. Mimi nilibeba sinia tupu hadi kwenye mashua. Uliniambia, "Mtunze baba yako. Na jicho hilo ulioshe kila ukitoka kwenye chokaa." Hukunishuku hata kidogo.

Mwaka haukwisha nami nikaondoka. Kismayu, kisha Lamu, kisha Mombasa, kisha huku.

Sasa nikueleze nilivyojua.

Kuna Mhindi hapa, Bwana Jivan, mpimaji wa magadi. Ana nyumba ya mabati yenye meza ndefu na chupa zisizohesabika, na kazi yake ni kujua magadi yaliyotoka tanurini ni safi kiasi gani. Yeye pia ndiye atoaye dawa kwa vibarua, maana daktari huja mara moja tu kwa muda mrefu. Alitaka watu wawili wa kuosha chupa jioni, baada ya kazi ya ziwani. Alimchukua Mutua, Mkamba mmoja mwenye mikono myepesi, na alinichukua mimi kwa kuwa nilisoma chuoni mpaka nusu ya msahafu, naweza kushika kalamu. Herufi za Kizungu alinifundisha yeye, ili nisibandike karatasi juu chini.

Siku ya kwanza alinionyesha chupa. "Hii nini?"

Nikaionja kidogo, kwa desturi yako. "Chumvi."

"Chumvi gani?"

"Chumvi ya kula."

"Sikiza, mtu ya pwani. Kwangu hapa zote iko chumvi. Magadi iko chumvi. Shabu iko chumvi. Wewe nasema chumvi, hujasema kitu. Kama askari nauliza jina yako, wewe najibu, 'Mimi mtu.'" Kisha akanipokonya chupa. "Na usionje tena kitu ya meza yangu. Moja itakuua, halafu mimi naandika barua nyingi."

Mutua akacheka wiki nzima. Kila aliponiona alisema, "Huyo anapita, jina lake Mtu."

Tukaanza. Kila jioni kazi ikipungua, jua bado juu, Bwana Jivan alituweka mbele ya chupa kumi na kutufundisha majina. Alisema kila chumvi ni wawili walioshikana. Mmoja ni wa ukoo wa madini, naye hukaa mbele. Wa pili hukaa nyuma. Chumvi ya kula: sodiamu mbele, klorini nyuma, lakini klorini akishashikana na mwenzake hubadilisha mwisho wa jina lake, aitwa kloraidi. Sodiamu kloraidi. Nikamwambia kwetu ndivyo tuitanavyo, jina la mtu mbele na la baba yake nyuma. Akafurahi, akasema hajapata kuisikia hivyo.

Kisha akaleta magumu. Wengine wa nyuma hawaji peke yao, huja na hewa, na hao mwisho wao ni mwingine. Kaboneti. Naitreti. Salfeti. Magadi yetu haya, yanayotupasua mikono, ni sodiamu kaboneti. Nikarudia jina hilo siku nzima na sululu mkononi. Matumbawe tuliyoyachoma kutengeneza chokaa ni kalsiamu kaboneti. Ilinishangaza kwamba kisiwa chetu na ziwa hili vina mwenzi mmoja wa nyuma.

Alitueleza kwamba kila mmoja ana mikono. Sodiamu ana mkono mmoja, kalsiamu ana miwili, kwa hiyo kalsiamu mmoja huwashika kloraidi wawili. Nikauliza, basi mbona hatusemi kalsiamu kloraidi wawili? Akasema hapana haja, kalsiamu siku zote mikono yake ni miwili, kila mtu ajua. Ila chuma hana tabia moja. Leo mikono miwili, kesho mitatu, naye lazima useme ni chuma yupi.

"Kama ami yangu," akasema Mutua. "Lazima uulize kwanza ni wa asubuhi au wa baada ya pombe."

Shabu ilimfurahisha Mutua zaidi, maana mbele kuna madini wawili. Akasema huyo ana wake wawili na nyumba moja. Na nushadiri haina madini hata kidogo; mbele ameketi amoniamu, ambaye si wa ukoo huo, lakini wenyewe wanamheshimu kama kadhi wa kuazimwa.

Nilijifunza upesi, na nitakwambia kwa nini. Kila chupa niliyoijua kwa jina jipya nilikuwa naijua kwa jina lako. Kopa salfeti: ule ni mrututu wako, rangi ile ile ya bahari ya kina. Potasiamu naitreti: shura. Niliandika majina yako kwa Kiarabu kandoni mwa majina yake, na Bwana Jivan akasimama nyuma yangu akitazama.

"Nani alikufundisha haya?"

"Mama yangu wa kambo."

"Alisoma wapi?"

"Koyama," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa heshima, akidhani Koyama kuna chuo kikubwa. Sikumsahihisha. Siku ile nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nyumbani, na ilikuwa furaha yako. Nilidhani nimepata njia ya kukukumbuka bila kukumbuka yale mengine.

Kisha vumbi la magadi likaanza kushika watu macho. Lilinishika na mimi. Bwana Jivan alikuwa akitengeneza dawa ya macho, akanitaka nimletee chupa mbili kutoka kwenye kabati ya dawa, moja ya macho, moja ya tumbo. Nikaziweka mezani. Nikaona zilizomo. Nyeupe zote mbili. Zang'aa kama vipande vidogo vya kioo.

Akaona nimezikazia macho. Akageuza chupa, maandishi yakatazama ukutani. "Haya, bwana mwanafunzi. Ipi ya macho?"

Nilizitazama muda mrefu kuliko nilivyozitazama mkekani. "Sijui."

"Mimi pia sijui. Hakuna mtu anaweza kujua kwa macho. Hizi mbili baba moja. Salfeti na salfeti. Jina ya mbele ndiyo iko tofauti."

Akachukua bilauri mbili, akayeyusha kidogo ya hii na kidogo ya ile. Akadondosha magadi makali, yale yanayounguza ngozi. Zote mbili zikawa nyeupe kama tui. Akaendelea kudondosha. Bilauri moja ikabaki tui. Ya pili ikaanza kusafika, tone kwa tone, mpaka nikaona vidole vyake upande wa pili.

"Hii iliyobaki nyeupe ni magnesiamu salfeti. Hii ya tumbo, nyinyi naita haluli. Hii imekuwa maji ni zinki salfeti. Tone moja mbili ndani ya maji mengi, dawa nzuri ya macho. Lakini kijiko ndani ya tumbo," akatikisa mkono, "mtu mzima atatapika roho yake."

"Na mtoto?"

"Mtoto ya miaka ngapi?"

"Mitano."

Akanitazama. "Kwa nini nauliza?"

"Nauliza tu."

Mutua, ambaye hana swali asilolifanyia mzaha, safari hii alizikusanya bilauri akaenda kuziosha.

Bi Mize, siku ile sikupoteza Fatuma. Fatuma nilikwisha kumpoteza. Nilipoteza neno langu la kushikilia. Chumvi si chumvi. Kila moja ina jina lake, na ile niliyoitia katika kombe kubwa kwa mkono huu jina lake ni zinki salfeti. Fatuma alisema "siyo" kabla ya Bwana Jivan, bila chuo na bila bilauri.

Nilimwandikia baba. Nilieleza yote, upawa, mkeka, makombe, na nilichoona mezani. Nilimwomba avuke kwenda Koyama akuombe radhi, kisha nami nije niombe yangu. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa mwalimu wa chuo, maana baba hajui kusoma. Lilikuwa fupi: "Mwanangu, barua imefika, na nimesomewa mimi peke yangu. Mtoto amekufa kwa siku yake. Mwanamke naye amekwenda zake. Usifukue." Sikuelewa vizuri hayo ya kwenda zako. Nilidhani umeolewa kwingine, hata nikafurahi.

Ndipo alipokuja Shee, kijana wa Ngumi, kuandikwa kazi. Anasema, kwa lafudhi yetu, wachu wengi wanaondoka, maana yanasemwa bendera ya Kismayu itashushwa na nyingine ipandishwe, na hawajui huyo mtawala mpya atataka nini. Nikamuuliza habari za visiwa vyote kabla ya kuuliza niliyoitaka.

"Bi Mize wa Koyama?" akasema. "Yule aliyemlisha mtoto sumu? Amekufa huyo. Mwaka jana, nyumbani kwa ndugu yake."

Nikamuuliza uliishije. Akasema vizuri tu, ndugu yako alikutunza. Ila watoto walikatazwa kupokea kitu mkononi mwako. Siku za Idi ulikuwa ukikaanga visheti, ukiviweka kwenye sahani juu ya kizingiti, wewe mwenyewe ukiingia ndani na kufunga mlango, ili mtoto akitaka achukue bila ya kukupokea. "Watoto hawakuchukua?" nikauliza. "Mama zao walikuwa wakitazama," akasema Shee. Alikuwa anakula wakati akinieleza, na hakuacha kula. Si mtu mbaya. Kwake ni hadithi ya zamani.

Sikumwambia. Nilitaka kumwambia, mdomo ukafanya kama ulivyofanya siku ile ya hitima. Nikajua kwamba nikingoja ujasiri wa mdomo nitakufa nao. Mkono wangu una ujasiri kidogo zaidi, kwa hiyo ninaandika.

Shee mkataba wake ni mfupi, atarudi kabla yangu. Barua hii atampa ndugu yako Bakari. Ikifika mikononi mwako, mjomba Bakari, nakuomba uvuke nayo Chovae siku ya Ijumaa, na watu wakitoka msikitini uisome, yote, usiruke mahali. Baba akiwa amekaa, asiondolewe. Sikutaka kumwaibisha mzee, lakini nimeshindwa kuona njia ya kukusafisha, mama, isiyompitia yeye. Alikuuliza wewe, akatuuliza sisi, akakuacha kwa kukosa jibu, na jibu lilikuwa limeegemea nguzo ya nyumba yake. Ami yangu na ajue pia. Mwalimu, aliyeandika lile jibu, na asikie mbele ya watu. Bi Khadija, kama yu hai, na ajue.

Enyi watu wa Chovae, makombe niliyagusa mimi. Dawa nilizichanganya mimi. Bi Mize alimpa Fatuma alichoamini ni haluli, na alikosa kukionja kwa kumcha Mungu. Hakuna sumu iliyokusudiwa katika nyumba ile. Palikuwa na kosa langu na kimya changu, na kimya ndicho kikubwa zaidi.

Kama baada ya haya hamtanitaka, nitaelewa, nami nitazeeka hapa. Magadi hayamuulizi mtu ametoka wapi.

Limebaki jambo moja. Shee alipokutaja, mama, hakuongeza lile neno ambalo kwetu huongezwa kila maiti anapotajwa, hata mwizi, hata mlevi. Nilimngoja aliseme, akaendelea kula. Nikatambua kwamba hakuna mtu wa Chovae aliyepata kukusemea. Sasa yupo mmoja, na Bakari atakapofika hapa katika kusoma, atalitamka mbele ya wote nao watalazimika kuitikia:

Mize binti Athmani wa Koyama, Mungu akurehemu.

Ni mimi,
mwanao wa kambo, kaka yake Fatuma.